Rufaa za FIA: nimeitumia hii huduma kama shabiki, naipa nyota mbili na moja ni ya huruma

Watu huwa wanaandika maoni yao kuhusu migahawa, simu, wauza viatu wa mtandaoni, mimi leo naandika kuhusu huduma ambayo sijawahi kuilipia hata mia ila imenigharimu zege moja kamili, yaani chipsi mayai, na mishikaki miwili, na wiki nzima ya kushika simu kama mtu anayesubiri mshahara na leo ni tarehe 45. Naongelea rufaa za FIA, wale wasimamizi wa mbio za magari za Formula 1 (F1), pale timu yako inapoenguliwa kwenye matokeo halafu inatoa tamko kwamba hatujaridhika, tunakata rufaa, na wewe shabiki huku Tabata unaanza kupata matumaini ambayo hukuyaomba.

Kwa ambao hawajawahi kuitumia, iko hivi. Mbio zikiisha gari halirudi nyumbani, linaingizwa kwenye uzio, linapimwa kilo, linapimwa upana, watu wanalichungulia chini kwenye ubao, wanachota mafuta. Kikipatikana kitu wasimamizi wa mbio wanakaa, wanaita timu, wanaandika barua, basi umeenguliwa. Timu ina saa moja tu kusema ina nia ya kukata rufaa, halafu ina saa 96 za kuamua kama kweli inaenda au ilikuwa hasira tu. Ikienda, kesi inasikilizwa na Mahakama ya Rufaa ya Kimataifa ya FIA, makao yake Paris. Shabiki hana fomu ya kujaza, hana namba ya foleni, yeye kazi yake ni kuumia tu na ku-refresh.

Nianze na yangu maana ndo iliyonileta hapa. Tarehe 1 Agosti 2021, Hungary, mbio zinaanza saa kumi jioni kwa saa zetu, niko kwa dada, shemeji ana king'amuzi na ni Ferrari damu, mimi ni wa dereva Vettel popote atakapokwenda, mwaka huo yuko timu ya Aston Martin. Kabla hawajaanza nikamwambia shem, Vettel leo anapanda jukwaani, tatu bora, akishindwa nakununulia zege. Shem akacheka kile kicheko cha mtu mwenye king'amuzi chake, akasema poa, akipanda nanunua mimi. Walioangalia ile siku wanajua kilichotokea, Bottas kachelewa breki kona ya kwanza kwenye maji kawafagia watu, mbio zikasimama, zikaanza tena Hamilton yuko peke yake kwenye mstari wa kuanzia, wenzie wote wameingia kubadili tairi, picha ya ajabu sijawahi kuiona tena. Mwisho wa siku Ocon kashinda, Vettel wa pili kamfukuza mpaka mwisho, gap haikufika sekunde mbili. Nikaruka mpaka dada akatoka jikoni akidhani nimepigwa shoti. Shem bila maneno mengi kachukua elfu tatu, tukaenda kwa kaka wa chipsi pale kona, nikala zege langu na kachumbari ya kutosha, na nilikula taratibu makusudi ili alione linavyokwisha.

Usiku niko kwangu shem anapiga. Hajasalimia. "Zege langu."

Kumbe walipoenda kuchota mafuta kwenye gari la Vettel, sheria inataka wapate lita moja ya sampuli, wao wamepata lita 0.3. Yaani glasi moja na kidogo mnaita nini hicho. Basi kaenguliwa, Hamilton kawa wa pili, na hapa ndo pakauma zaidi, Sainz wa Ferrari kawa wa tatu. Shem kapata jukwaa akiwa kitandani kajifunika shuka. Nikamwambia shem tulia, timu imesema kuna rufaa, kesi iko mahakamani hatuwezi kuizungumzia. Kakata simu.

Sasa hapo ndo utajua kwamba hii huduma sio ya haki, ni huduma ya kusubiri. Na ukitaka kuielewa inabidi uwaangalie waliotangulia, mi ile wiki nilisoma kesi zote za zamani kama mtu anayejiandaa na mtihani wa uwakili, nikitafuta hata moja itakayonipa moyo.

Nikaanza na 1989 maana ndo mama wa zote. Suzuka, Japani, Senna na Prost, wote McLaren, timu moja lakini hawasalimiani. Senna asiposhinda ubingwa ni wa Prost. Raundi zimebaki chache kajaribu kumpita kabla ya zile kona za zigizaga, Prost kafunga mlango, magari mawili yamekumbatiana katikati ya barabara kama daladala zinazogombea kituo. Prost kashuka, kwake imeisha. Senna kawapungia wale wahudumu wa pembeni wamsukume, injini ikawaka, akapita njia ya dharura akaingia tena barabarani, pua ya gari imevunjika, kaenda piti, kule kwa mafundi, kabadilisha, kamkimbiza Nannini kampita, kashinda. Halafu kaenguliwa, kosa aliruka zile kona hakuzipita. Ushindi kapewa Nannini wa Benetton, na ndo ushindi pekee alioupata maisha yake yote kwenye F1, yaani hata yeye sijui kama aliufurahia.

McLaren wakakata rufaa. Fikiria hiyo picha, timu inakata rufaa ambayo ikipita inaweza kumnyima ubingwa dereva wake mwingine, ambaye tayari kaaga anahamia Ferrari. Wakaenda Paris na video za madereva wengine walioruka kona huko nyuma na hawakuguswa. Mahakama ikasikiliza, na jibu lilikuwaje? Kuenguliwa kunabaki palepale, halafu ongezea faini ya dola 100,000, na kifungo cha miezi sita kinachoning'inia juu ya kichwa cha Senna, akikosea tu kinadondoka. Umeenda dukani kulalamika chenji yako pungufu, umerudi unadaiwa. Mashabiki wa Senna hawajawahi kupona ile, ukimgusa Mbrazil mtu mzima leo anayejua hizi mbio anakutajia Balestre, rais wa FISA, tawi la michezo la FIA, wa wakati huo, kama anayemtaja mtu aliyemuuzia kiwanja cha mtu. Balestre Mfaransa, Prost Mfaransa, basi kwao ushahidi umekamilika. Mwaka uliofuata palepale Suzuka Senna hakusubiri mahakama ya mtu, kamgonga Prost kona ya kwanza wote wawili nje, ubingwa kachukua yeye safari hii. Huduma mbovu ina tabia hiyo, mteja asiporidhika anajihudumia mwenyewe.

Ila kuna walioitumia vizuri pia, nisiwe mnafiki. 1976 hiyo, James Hunt, McLaren. Kule Jarama Hispania alishinda, gari likapimwa likakutwa limezidi upana sentimita 1.8, kaenguliwa. Wakakata rufaa, wakashinda, akarudishiwa pointi zake 9 na faini ndogo. Nikasema hapo sasa, kumbe inawezekana. Nikaendelea kusoma, kosa langu.

Mwaka huohuo mwezi wa saba, Brands Hatch, Uingereza, nyumbani kwa Hunt. Kona ya kwanza tu magari mawili ya Ferrari, Lauda na Regazzoni, yamegongana yenyewe kwa yenyewe, Hunt kakutwa katikati, gari limeumia. Mbio zikasimamishwa. Wakuu wa mbio wakatangaza kwamba ambaye hakumaliza raundi ya kwanza haruhusiwi kuanza tena, na Hunt alikuwa amekata njia ya nyuma kurudi piti. Sasa wale mashabiki, maelfu, jua la Julai, bia mkononi, wakaanza kuzomea. Halafu wakaanza kupiga makofi yale ya polepole ya kukera, pa, pa, pa. Halafu makopo ya bia yakaanza kuruka barabarani. Na wakati wazee wanabishana kwenye karatasi, mafundi wa McLaren wako chini ya gari wananyoosha vyuma haraka haraka, mpaka ubishi unaisha gari limepona. Wakamwachia. Kaanza, kashinda, uwanja ukalipuka.

Hapo ndo nasemaga hakuna rufaa ya shabiki iliyowahi kufanya kazi kuliko ile, ilisikilizwa ndani ya saa moja, haikuhitaji wakili, ilihitaji makopo. Tatizo ilikuwa na muda wake wa kuisha. Ferrari wakakata rufaa yao, ikapanda mpaka Paris, mwezi wa tisa Hunt kaenguliwa na ushindi kapewa Lauda. Miezi miwili baadaye! Watu washashangilia, washalala, washaamka na hangover, wengine washasahau, ndo unaletewa taarifa kwamba ulichoshangilia hakikutokea. Jinsi msimu ulivyoisha ni kwamba Hunt alikuja kuwa bingwa kwa pointi moja tu, 69 kwa 68, kwa hiyo ile rufaa ya Hispania aliyoshinda ndo iliyombeba, na hii ya Brands Hatch aliyopoteza ingemuua. Na usisahau Lauda katikati hapo aliungua vibaya sana Nürburgring akarudi kuendesha baada ya wiki sita. Kwa hiyo ukimuuliza shabiki wa Ferrari na shabiki wa McLaren kuhusu mwaka 1976 utapata misimu miwili tofauti.

Kwetu hili tunalijua, lina hadi jina, ushindi wa mezani. 2017 Simba walipewa pointi tatu za Kagera Sugar mezani, zikaondolewa mezani, ligi ikaisha Simba na Yanga wana 68 kila mmoja na Yanga bingwa kwa magoli. Mpaka leo ukitaka kuharibu msiba Kariakoo anzisha hiyo mada.

Sasa 1994, hapa nakaa kidogo maana ndo kwenye vituko vya mashabiki wenyewe. Schumacher, Benetton, anaongoza ubingwa. Silverstone mwezi wa saba kwenye ile raundi ya kupasha tairi kampita Damon Hill, haruhusiwi, kapewa adhabu ya kusimama sekunde tano, timu ikabishana badala ya kutii, ikatoka bendera nyeusi na namba yake, yaani toka barabarani, hakuitii. Akaja kusimama baadaye akamaliza wa pili. Mwisho wa mwezi akavuliwa zile pointi na kufungiwa mbio mbili. Kalenda sasa, mbio zinazofuata ni Hockenheim, Ujerumani, nyumbani kwake. Tiketi zimeuzwa kwa ajili ya mtu mmoja na mtu huyo kafungiwa. Kukaibuka vitisho kwamba asipoendesha watachoma moto msitu, maana Hockenheim ya zamani ile ilikuwa inakatiza msituni, miti kulia miti kushoto. Msitu mzima jamani, umekosa nini. Sisi huku tukikasirika tunavunja kiti cha uwanja wa Taifa, wenzetu wanapanga kuchoma mazingira.

Benetton wakakata rufaa, na hapa ndo matumizi halisi ya hii huduma wengi hawayajui, ukikata rufaa adhabu inasimama mpaka isikilizwe. Kwa hiyo Schumacher kaendesha Hockenheim, msitu ukapona. Injini ikamfia njiani, Berger wa Ferrari kashinda, na moto kweli uliwaka siku hiyo ila sio msituni, uliwaka piti ya Benetton kwenyewe, mafuta yalimwagika wakati wanamjazia Jos Verstappen, gari lote likawa mwenge kwa sekunde chache.

Mwezi wa nane Spa, Ubelgiji, Schumacher kashinda tena. Gari likapinduliwa kuangaliwa chini. Mwaka huo walikuwa wameanza kufunga ubao chini ya sakafu ya gari, unene milimita 10, unaruhusiwa kulika milimita moja tu, ili magari yasishuke sana chini. Ubao wa Schumacher ulikuwa umelika kupita hapo. Timu ikasema alizunguka akapanda kwenye kingo za barabara ndo ubao ukachubuka. Wasimamizi wakaangalia, wakasema alama za kuchubuka ziko kwingine na kulika kuko kwingine. Kaenguliwa, ushindi kwa Hill. Siku mbili baadaye Paris wakaitupa rufaa ya Silverstone, wiki iliyofuata wakaitupa na ya ubao. Rufaa mbili ndani ya siku chache zote chali, kakosa Monza, kakosa Estoril, Hill kashinda zote mbili. Ubingwa ukaja kuamuliwa Adelaide walipogongana, Schumacher bingwa kwa pointi moja, 92 kwa 91. Wajerumani wakasema mnaona, mlijitahidi kumnyima mkashindwa. Waingereza wakasema mnaona, mlipaswa kumnyima kabisa. Mimi nilichokiona ni kwamba mahakama ilishinda kesi zote na haikumshawishi mtu hata mmoja.

Timu ya Tyrrell 1984 sitaki kukaa nayo sana, ila niseme tu kwamba kuna siku mteja naye ana matatizo. Gari lao halikuwa na turbo, ile ya kuongezea injini nguvu, likawa linakimbia jepesi halafu mwishoni linaongezwa maji kwenye tenki, na ndani ya maji kukakutwa vijidude vidogo vya risasi, ile metali nzito, ili likipimwa lizito. Martin Brundle kamaliza wa pili Detroit, wakapima yale maji. Rufaa ikagonga mwamba, timu ikafutiwa msimu mzima, kila pointi. Mashabiki wa Tyrrell walikuwa na hoja yao, kwamba timu hiyo ndo ilikuwa inapinga mabadiliko ya sheria ya mafuta ambayo wenye turbo walikuwa wanayataka, ukiitoa kura yake imetoka. Hoja nzuri tu. Ila ndugu yangu, risasi kwenye maji, unaanzia wapi kujitetea.

Timu ya BAR 2005 ndo iliyoniondolea imani nikiwa nasoma usiku wa Jumatano. Imola, Button wa tatu, Sato wa tano. Uzito wa chini wakati ule ulikuwa kilo 600, gari limepimwa likavuka, wasimamizi wakasema sawa. Kisha wakanyonya mafuta yote, hadi yale ya kwenye kitenki cha pili kilichojificha ndani ya tenki, gari likashuka mpaka kilo 594.6. Wasimamizi bado wakasema sawa! Aliyekata rufaa ni FIA yenyewe, kwenye mahakama ya FIA. Soma tena hiyo sentensi. FIA ikashinda, BAR wakafutiwa Imola na kufungiwa Hispania na Monaco. Ni kama mwenye mgahawa anakushtaki kwa mpishi wake. Nikiwa mkweli hata hivyo lile swali la mafuta lina akili, kama gari linafika kilo 600 kwa sababu ya mafuta, basi ukikimbia nayo yakipungua wewe ni mwepesi kuliko wenzio, hesabu haidanganyi. Mashabiki hawakutaka hesabu.

Mteja aliyetoka Paris akicheka namjua mmoja, Ferrari 1999. Sepang Malaysia, Irvine wa kwanza Schumacher wa pili, wote wakaenguliwa kwa vile vibao vya pembeni, vilikosewa kwa milimita 10, na Häkkinen akawa bingwa kwa siku sita. Wakaenda Paris, wakasema namna mlivyopima siyo, ukipima vizuri tuko ndani ya zile milimita tano zinazoruhusiwa. Wakarudishiwa. Hapo ndo utani wa zamani kwamba herufi za FIA maana yake ni Msaada wa Kimataifa kwa Ferrari ulipata chakula cha miaka. 2008 Hamilton alipopigwa sekunde 25 Spa na ushindi kwenda kwa Massa wa Ferrari, McLaren wakaenda Paris wakaambiwa adhabu ya aina hiyo hairufaiki. Hata kusikilizwa kwenye msingi hawakusikilizwa. Kama unaingia dukani umebeba kiatu kilichopasuka unaambiwa sisi viatu vya kushoto hatupokei.

Shem nilimwonyesha hiyo ya 2008, nikamwambia mnaona nyie Ferrari. Akasema sisi hatujafanya kitu, sisi tumepokea tu.

Turudi kwa Vettel wangu. Aston Martin walifanya mawili, waliweka nia ya rufaa na wakaomba pia wale wasimamizi wa Hungary waipitie upya kesi kwa ushahidi mpya. Hoja yao ya mwanzo ni kwamba ndani ya gari mafuta yalikuwepo, zaidi ya lita moja, vipimo vya gari vinaonyesha. Na hapo ndipo nilipowaona mashabiki wenzangu kwa uzuri wao wote. Kuna waliokuwa wanahesabu lita kama wauza mafuta wa kituo. Kuna aliyesema ni kwa sababu ya lile fulana la upinde wa mvua alilovaa Vettel wakati wa wimbo wa taifa, maana kwa hilo alionywa siku hiyohiyo, basi akaunganisha. Kuna Mjerumani kaandika aya ndefu hadi nikatafsiri kwa programu, kumbe mwisho anauliza tu kama dau lake litalipwa. Kuna wa timu nyingine wanakuja na emoji za kituo cha mafuta, hawana huruma. Na kuna sisi wengine tunaandika sheria ni sheria lakini, halafu baada ya lakini ndo tunaandika yote.

Agosti 9 jibu likaja. Wasimamizi walikubali kwamba ushahidi ni mpya, ila wakasema hausaidii kitu, kwa sababu data zenyewe zilionyesha mfumo wa mafuta uliharibika na kwenye gari ilibaki chini ya lita moja, na sheria haiulizi kwa nini, inasema utoe lita moja. Hukutoa. Imeisha. Siku chache baadaye timu ikaiondoa na ile rufaa yenyewe.

Na hapa ndo natoa ile nyota ya pili ambayo sio ya huruma. Niliisoma ile hukumu mara mbili nikitafuta pa kuikamatia, sikupata. Imeandikwa kwa lugha ambayo hata mtu aliyenuna anaielewa. Ukimkuta dereva ana leseni nyumbani trafiki hamwandikii kwamba ana leseni. Vettel hakudanganya mtu, hakuna aliyemuita mwizi, kapoteza pointi 18 kwa sababu ya mfumo wa mafuta kuharibika. Hiyo inauma kuliko ya Tyrrell, maana kwa Tyrrell una wa kumlaumu.

Ninachoinyima nyota ni muda, na lile tangazo la kwenye jukwaa. Wanakufungulia shampeni saa kumi na mbili jioni, picha zinapigwa, mtu anakula zege, halafu giza likiingia ndo wanapima. Kwani nini kinawashinda kuandika chini ya skrini kwamba matokeo haya ni ya muda? Wanaandika, najua wanaandika, kwenye karatasi ambayo hakuna anayeisoma isipokuwa yule ambaye wa kwake kaenguliwa.

Basi kesi yangu na shem. Yeye alikuwa anadai zege moja, alilonunua nikala. Nikamwambia makubaliano yetu yalikuwa Vettel apande jukwaani, na alipanda, una macho uliona, kombe alishika. Nilijiona nina kesi kali kabisa. Nikakata rufaa kwa dada, nikijua ni damu yangu. Dada alikuwa anapepeta mchele, hakusimama hata. Akauliza, "Huyo mtu wenu wamemrudishia au hawajamrudishia?" Nikasema hawajamrudishia. Akasema, "Umekula chakula cha mume wangu wiki nzima unamzungusha. Mlipe zege lake, na umuongezee mishikaki miwili ya usumbufu."

Nikaenda kwa kaka wa chipsi. Mayai yalikuwa yamepanda bei.